Kiungulia na Chakula cha Usiku
Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa Temeke na Kinondoni



Tumeagizwa na Kamati kusema habari ya kiungulia. Twajua ya kuwa wako miongoni mwenu waliotabasamu walipoliona neno hilo katika tangazo la mkutano, wakaulizana kama Kamati imeishiwa na mambo. Habari ya mishahara ipo, ya vyeo ipo, nauli nazo zapanda, nasi tumewaita mje kusikiliza habari za mbeuo! Walakini wako wengine ambao hawakutabasamu. Mwezi wa Machi tulimzika mwenzetu wa masjala, ambaye hatutamtaja jina kwa kumheshimu mjane wake aliye nasi hapa. Miaka mingi alitembea na vidonge katika mfuko wa shati, akivitafuna kama mtoto atafunavyo peremende, na kila aliyemwuliza alimjibu, "Ni kiungulia tu." Mwaka wake wa mwisho nyama ilianza kumkwama kifuani, kisha ugali, kisha hata uji mzito. Hakwenda kutazamwa, kwa kuwa alikwisha kuzoea kusema "ni kiungulia tu." Alipofika mikononi mwa matabibu aliambiwa ya kuwa ana saratani ya umio, nayo ilikuwa imekwisha kuenea. Hatusemi ya kuwa kiungulia ndicho kilichomwua, na sababu ya kutosema hivyo tutaieleza hapo mbele. Twasema ya kuwa lile neno "tu" ndilo lililomchelewesha.

Tulioandika maneno haya ni wanne: muuguzi mmoja, mwalimu mmoja, na makarani wawili. Sote wanne twashikwa na kiungulia. Kwa hiyo msidhani ya kuwa twawahubiria kutoka mahali palipoinuka.

Tuanze na jambo lenyewe. Chakula kikiisha kutafunwa hushuka katika umio, nao ni bomba la nyama lenye urefu wa sentimita 25 hivi, lipitalo nyuma ya moyo na kupenya kile kiwambo kitengacho kifua na tumbo. Chini kabisa, mahali umio unapoingia katika mfuko wa tumbo, pana msuli wa duara ambao kazi yake ni kazi ya bawabu. Chakula kikija hufungua, kikiisha kupita hufunga. Ndani ya mfuko huo tumbo hutengeneza asidi kali, ya jamii ile ile mafundi watumiayo kuondoa kutu katika chuma. Tumbo lenyewe haliungui, kwa kuwa limepakwa ute mzito ulikingao. Umio hauna kinga kama hiyo. Basi bawabu akilegea pasipo wakati wake, asidi hupanda, nayo huunguza kila ipitapo, na hapo ndipo mtu ahisipo moto nyuma ya mfupa wa kifua, na maji machungu au machachu mdomoni. Wazee wetu hawakukosea walipoliita jambo hili kiungulia, maana neno lenyewe limezaliwa na kuungua. Walioiita nyongo ndio waliokosea, kwa kuwa nyongo hutoka katika ini, na mara nyingi haimo katika shauri hili.

Bawabu huyu hulegea kwa sababu nyingi. Mfuko ukijaa kupita kiasi husukumwa na kulegezwa. Mafuta mengi hukichelewesha chakula kuondoka tumboni, na chakula kikichelewa mlango hupata nafasi nyingi zaidi ya kufunguka. Tumbaku humlegeza, pombe humlegeza. Kitambi hulikamua tumbo kwa nje, na mimba pia hulikamua. Kwa watu wengine, hasa wenye umri, sehemu ya juu ya tumbo huteleza ikapanda juu ya kiwambo, na bawabu akabaki peke yake pasipo msaada wa msuli wa kiwambo.

Hapa twaomba kusimama kidogo, kwa kuwa liko kosa moja limeenea mno katika viunga vyetu, kutoka Tandale hata Tandika. Kila maumivu yaliyo kati ya kitovu na koo huitwa vidonda vya tumbo. Mtu akibeua, ana vidonda. Akishiba kupita kiasi, ana vidonda. Jirani humpa majani, duka la dawa humpa vidonge, naye huacha kula maharage maisha yake yote. Vidonda vya tumbo ni ugonjwa mwingine. Vingi katika hivyo huletwa na kidudu kiishicho ndani ya tumbo, nacho kilitambuliwa na matabibu wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wenzao walipokataa kuwasadiki, Marshall alikinywa kidudu hicho mwaka 1984 ili aonyeshe kifanyavyo, akaugua tumbo kweli kweli, na mwaka 2005 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel. Kidudu hicho chapimika, nacho hutibiwa kwa dawa za kuua vidudu. Kiungulia hakitibiwi hivyo. Atibiwaye ugonjwa asio nao hupoteza fedha, na ugonjwa alio nao hubaki ukimngoja nyumbani.

Sasa na tuitazame siku ya mtumishi, kwani humo ndimo lilimo shina la maneno yetu.

Mtumishi akaaye Chamazi au Mbagala Rangi Tatu, na kazi yake iko mjini, huamka saa kumi na nusu ya alfajiri. Hunywa chai ya rangi peke yake, au hula chapati moja akiwa amesimama kituoni. Saa nne hupata chai na vitumbua viwili. Saa saba yafika, walakini dirishani pana watu, au mfukoni pana nauli ya kurudia tu, naye hujiambia ya kuwa atakula nyumbani. Kazi yafungwa, naye huingia katika foleni ya Barabara ya Kilwa. Wenzetu wa Kimara walipunguziwa adha hiyo kidogo mabasi yaendayo haraka yalipoanza mwaka 2016, lakini wa Bunju na wa Chamazi wajua tusemalo. Hufika nyumbani saa mbili ya usiku. Aoge, asalimiane na watoto, azitazame daftari zao. Chakula huletwa saa tatu na nusu. Ni sahani ya ugali kama kichuguu, mchuzi wa nyanya uliokaangwa ukaelea mafuta, pilipili kichaa pembeni, kwani huo ndio mlo wake wa kwanza wa haki tangu kuche. Hula kama mtu aliyefungua mfungo wa siku tatu. Saa nne amelala chali. Saa saba ya usiku ameketi juu ya kitanda, koo lawaka, atafuta maji gizani.

Mabibi na mabwana, mlo mzito huchukua saa tatu au nne kuondoka tumboni. Mtu akiwa ameketi au amesimama, uzito wa chakula humsaidia bawabu, kwa kuwa maji hayapandi mlima. Akilala, mlima umekwisha kuondolewa. Tena usingizini hatumezi mate kama tumezavyo mchana, na mate ndiyo yaoshayo umio. Kwa hiyo asidi ya usiku hukaa mahali ilipofika, ikaunguza muda mrefu. Ndiyo sababu wako watu waamkao na sauti ya kukwaruza, au na kikohozi kisicho na mafua, wasijue ya kuwa chanzo chake ni sahani ya jana.

Shauri letu la kwanza basi, nalo ni kubwa kuliko yote yatakayofuata, ni kwamba kati ya tonge la mwisho na mto wa kulalia zipite saa tatu. Mwongozo wa chama cha matabibu wa tumbo wa Marekani wa mwaka 2022 wasema saa mbili hadi tatu; sisi twashika tatu, kwa sababu tunajuana. Asiyeweza kufika nyumbani mapema hana budi kuigeuza siku yake juu chini. Mlo mkubwa uwe wa mchana, hata kama ni wali na maharage wa mama lishe, au chakula kilichobebwa kutoka nyumbani. Saa kumi na moja, kabla ya kupanda gari, ale ndizi mbili au muhogo wa kuchemsha ili asifike nyumbani na njaa ya simba. Usiku ale kidogo: viazi vitamu, mchicha, kipande cha samaki wa kuchemsha, uji.

Twajua jambo hili lina taabu yake nyumbani, na mmoja wetu aliionja. Mume arudiye saa mbili akala matonge matatu akanawa hushukiwa. Huulizwa amekula wapi, na kwa nani. Mwenzetu alikaa wiki nzima katika hali hiyo, mpaka alipomleta mkewe kwa muuguzi wetu akaelezwa mbele ya mashahidi. Twawashauri mtangulize maelezo, kisha mpunguze sahani. Na ninyi mabibi watumishi, ambao mwafika saa ile ile ya usiku kisha mwaanza kuwasha jiko, kwenu hatuna shauri la kuwapa. Neno twawaambia waume zenu na watoto wenu wakubwa: chakula kipikwe na aliyetangulia kufika.

Habari ya vyakula wengi hupenda kuisikia kwanza, nasi tumeiweka nyuma makusudi, kwa kuwa watu hukimbilia kuacha vyakula na huacha kutazama saa na wingi. Hakuna orodha moja imfaayo kila mtu. Wengi huumizwa na vitu vya kukaanga kwa mafuta mengi, yaani chipsi mayai, bajia, sambusa, maandazi, na kuku wa mafuta wa njiani. Wengine ni pilipili, au achari ya embe, au nyanya nyingi, ndimu na ukwaju, vitunguu vibichi vya kachumbari, soda, chokoleti, nanaa. Mwalimu wetu hula pilipili kama mchicha asipate neno, lakini chungwa moja baada ya saa kumi humkosesha usingizi. Karani mmoja hawezi kitumbua, ila nazi katika wali haimdhuru. Basi chukueni daftari ndogo, na kwa majuma mawili andikeni mlichokula, saa ngapi, na kama moto ulikuja. Sisi tuzoeao kuandika habari za watu wengine kutwa nzima hatutashindwa kuandika za matumbo yetu. Kilichoonekana mara tatu kina hatia. Kisichoonekana kisihukumiwe bure, maana mtu aachaye maharage, nyanya na matunda pasipo sababu atapata udhaifu mwingine.

Maziwa baridi, ambayo wengi wetu huyatumaini, hutuliza kwa dakika chache, kisha tumbo hutoa asidi upya. Wale watafunao udongo kwa ajili ya kiungulia cha mimba twawasihi waache, kwani udongo huzuia madini ya chuma mwilini, na huweza kuleta minyoo. Na kwa kuwa tumeitaja mimba: mmesikia ikisemwa ya kuwa mama mwenye kiungulia kingi atazaa mtoto mwenye nywele nyingi. Sisi tulicheka. Kisha tukasoma ya kuwa wachunguzi wa Baltimore, Marekani, waliokusudia kuukanusha usemi huo waliwafuatia wanawake 64, na katika habari waliyoichapisha mwaka 2006 walikiri ya kuwa wenye kiungulia kikali wengi wao walizaa watoto wenye nywele. Bibi zetu na wachukue ushindi wao. Lakini mama mjamzito ale kidogo kidogo mara nyingi, na dawa aipate kliniki, si dukani.

Kahawa na chai zina shauri lao. Kahawa chungu ya vikombe vidogo, iuzwayo pamoja na kashata, huwasha wengine na wengine haiwadhuru; daftari itasema. Jambo tulitakalo kulisema kwa nguvu ni joto lake. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kuwa vinywaji vinywewavyo vikiwa na joto la kupita nyuzi 65 huenda husababisha saratani ya umio. Wachunguzi waliopima chai za wanywaji katika mteremko wa Kilimanjaro, katika taarifa yao ya mwaka 2015, waliona ya kuwa wengi huanza kuinywa kabla haijashuka kufika kiwango hicho. Nchi zetu za Afrika ya Mashariki, kutoka Ethiopia hata Malawi, zimo katika ukanda wenye saratani hiyo kwa wingi. Tena saratani ya umio iliyo nyingi kwetu si ile iletwayo na kiungulia cha miaka mingi, ambayo Wazungu huipata zaidi. Kwetu tumbaku, pombe na vinywaji vya moto mno hutajwa kwanza. Ndiyo sababu tulisema hatutakilaumu kiungulia kwa msiba wa mwezi wa Machi. Chai na iwekwe mezani dakika tano. Hakuna heshima katika kuinywa ikitokota.

Kitambi tutakitaja kwa upole, kwa sababu kimo ukumbini. Ilikuwa desturi yetu kukihesabu kuwa alama ya kupandishwa cheo. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya wauguzi wa Marekani zaidi ya 10,000, na ilionekana ya kuwa uzito ukiongezeka kiungulia huongezeka, hata kwa wale wasiohesabiwa kuwa wanene. Kilo chache zikipungua, bawabu hupumua. Hata mkanda wa suruali uliovutwa mpaka tundu la mwisho hulikamua tumbo. Legezeni mkanda mkiketi.

Wenzetu Waislamu mwezi wa Ramadhani hupata taabu zaidi, walakini si kwa saumu yenyewe. Huipata kwa futari ya vitu vya kukaanga vyote kwa mara moja juu ya tumbo tupu, na kwa daku nzito kisha kulala papo hapo. Tende, uji na maji kwanza, kisha sala, kisha chakula kwa kiasi. Na daku iliwe karibu na alfajiri, mtu akae asubiri sala kuliko kurudi kitandani.

Habari ya kitanda ni rahisi. Wekeni kipande cha mbao au tofali chini ya miguu miwili ya kichwani, kiinuke sentimita 15 hadi 20. Kulundika mito hakufai sana, kwa kuwa hukunja tumbo na huumiza shingo. Tena laleni kwa ubavu wa kushoto. Mfuko wa tumbo umekaa upande huo, na mtu akiulalia, mlango hubaki juu ya maji. Akilala kwa kulia, mlango huzama. Makarani wetu wawili wamejaribu yote mawili, nao wasema tofali peke yake liliwapunguzia usiku mbaya kwa nusu.

Vidonge vya kutafuna vyenye magnesiamu na aluminiamu huzimua asidi iliyopo, na kwa usiku mmoja havina neno. Omeprazoli hufanya kazi nyingine: huzuia tumbo kuitengeneza. Wengi humeza wakati wa kuungua, wakalalamika ya kuwa haifai. Humezwa nusu saa kabla ya kula, kila siku, kwa majuma ambayo tabibu atayataja, si kwa miaka kwa amri ya muuza duka. Nazo aspirini na diklofenaki, tunazozitumia kwa migongo yetu, huumiza tumbo. Doksisaiklini ikimezwa kavu na mtu akalala huweza kukwama na kuchoma umio. Imezwe kwa bilauri nzima ya maji, na mtu akae wima.

Sasa twafika mahali pasipo mzaha. Mtu akiona chakula chamkwama, au kumeza kwauma. Au amekonda bila kukusudia. Au ametapika damu, au kitu kama unga wa kahawa. Au choo chake ni cheusi kama lami. Au ameishiwa damu. Au kiungulia kimemwanza uzeeni hali hakuwa nacho. Au dawa imetumika kwa majuma manane pasipo nafuu, huyo asimeze kidonge kingine kwanza. Aende Temeke au Mwananyamala, na akiandikiwa kwenda Muhimbili kupimwa kwa mpira mwembamba wenye kamera, aende. Kipimo hicho huogopwa kuliko kinavyostahili. Muuguzi wetu amekishuhudia mara nyingi, nacho huchukua dakika chache. Na kifua kikibana kama kilichowekewa jiwe, maumivu yakaenda mkono wa kushoto au taya, pamoja na jasho na kukosa pumzi, hicho kichukuliwe kuwa moyo mpaka tabibu aseme vingine. Mtu huyo apelekwe saa ile ile, asingoje kupambazuke.

Kamati imekwisha kuandika rasimu ya barua kwa wakuu wa idara, kuomba ya kuwa saa ya chakula cha mchana iwe saa kweli, na dirisha lifungwe kwa zamu ili kila mtu apate kula. Itasomwa baada ya haya, nanyi mtaipigia kura.

Nje pana pilau. Sasa ni saa kumi na moja kasoro robo, nasi tumewaomba wapishi wawapakulie kwanza wa Chamazi na wa Bunju, kwa kuwa safari yao ni ndefu. Wenye maswali wasiyotaka kuyauliza mbele ya watu watamkuta muuguzi wetu chini ya mwembe, naye atakaa hapo mpaka wa mwisho aishe.